Pale Mkanda Ulipochakaa

Mkanda wa kwanza wa video wa filamu ya kutisha niliowahi kukodi ulikuwa na chenga mahali pamoja tu. Filamu yenyewe ni Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978. Kwa zaidi ya saa nzima picha ilikuwa safi. Kisha Laurie, msichana anayewindwa, akajificha ndani ya kabati la nguo, akajikunyata sakafuni, na yule mtu wa kinyago cheupe akaanza kuvunja milango ya mbao. Hapo hapo picha ikaruka. Mistari myeupe ikapita katikati ya kioo, sauti ikazama kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya maji, na kwa sekunde kadhaa sikujua kama kisu kimempata au bado. Nilikuwa na miaka 11. Nikamgeukia dada yangu kwa hasira, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ameshika rimoti.

Kesho yake nikaupeleka mkanda dukani, malalamiko nikiwa nimeyapanga njia nzima. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo asiyepandisha sauti. Kabla sijamaliza kueleza akaniuliza, "Ni pale kabatini?"

Nikashangaa amejuaje.

"Deki yenu haina ubaya, mwanangu. Pale ndipo kila mtu anaporudisha nyuma."

Nimetazama filamu za kutisha kwa zaidi ya miaka 30 tangu siku ile, nimesoma na kusikiliza mengi kuhusu filamu hizo, na hakuna maneno yaliyonikaa kama hayo. Usiku ule nilikuwa nimelala na taa ikiwaka, nikiamini kwamba hofu niliyokuwa nayo ni yangu peke yangu na ni ya aibu. Kumbe watu nisiowajua kwa sura wala kwa jina walikuwa wamekaa mbele ya vioo vyao, wakashtuka palepale niliposhtuka mimi, wakanyoosha mkono kuchukua rimoti, na hofu yao ilikuwa imeuchubua mkanda.

Hilo si neno la kupamba hadithi. Ndivyo mkanda ulivyofanya kazi. Utepe wa VHS una upana wa nusu inchi, ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku, na picha yote imo ndani ya unga huo. Ndani ya deki kuna ngoma ndogo ya chuma yenye vichwa vya kusomea, inayozunguka mara 1,500 au 1,800 kwa dakika kutegemea mfumo wa televisheni wa nchi husika. Ukigandisha picha, utepe husimama lakini ngoma haisimami. Vichwa vinaendelea kusugua kipande kilekile, tena na tena. Ndiyo maana deki nyingi zilijizima zenyewe ukiacha picha imeganda kwa dakika kadhaa. Kila aliyetaka kuona tena alichukua chembe kidogo ya kile alichokuja kukiona, akamwachia anayefuata kilichobaki.

Tangu hapo nikawa nasoma chenga kama wengine wanavyosoma maoni ya wahakiki. Mkanda uliochakaa katikati au mwishoni ulikuwa mkanda mzuri: kuna kitu pale, jiandae. Mkanda uliochakaa mwanzoni tu, huku mwisho wake uking'aa kama mpya, nilijua watu waliuanza wakauacha. Sijawahi kupata kipimo cha filamu ya kutisha ninachokiamini zaidi ya hicho.

Filamu hizo ziliwekwa nyuma kabisa ya duka, mbali na za watoto, kwenye kona ambayo taa yake haikuwa na nguvu. Kwenye rafu yalikaa makasha matupu tu. Mikanda yenyewe ilikuwa nyuma ya kaunta, kila mmoja na namba yake. Kwa hiyo kabla ya kukodi chochote, mtu alikodi kwa macho. Nilikuwa nasimama pale nusu saa nzima. Majalada mengi yalichorwa kwa mkono, na mchoraji hakubanwa na bajeti kama mwongozaji. Mkono unaotoka kaburini, fuvu lenye macho mabichi, nyumba iliyowaka dirisha moja tu. Mara nyingi jini lililochorwa kwenye jalada halikuwamo ndani ya filamu, au lilikuwamo likiwa mtu aliyevaa mpira usoni. Sikuwahi kuona hilo kama udanganyifu, na hata leo nawatetea wachoraji wale. Walikupa mahali pa kuanzia kuogopa. Kuna makasha matatu au manne ambayo sikuthubutu kuyakodi kamwe, nikizunguka rafu nyingine ili nisikutane nayo macho kwa macho, na filamu nilizozitunga kichwani kutokana na majalada hayo bado naziona wazi kuliko nyingi nilizotazama.

Baadaye nilikuja kujua biashara hii ilianzaje. Mwishoni mwa mwaka 1977, George Atkinson wa Los Angeles alianza kukodisha filamu 50 zilizotolewa kwenye mikanda na kampuni ya Magnetic Video. Studio kubwa hazikupendezwa, lakini sheria ya Marekani ilikuwa upande wake: ukishanunua nakala yako kihalali, unaweza kuiazimisha au kuikodisha. Wapenzi wa filamu za kutisha tuna deni kubwa kwa sheria hiyo. Kwenye jumba la sinema, filamu ndogo isiyo na mwigizaji maarufu ilikaa wiki moja ikaondolewa. Kwenye rafu ilisimama bega kwa bega na filamu ya mamilioni, kasha kwa kasha, ikingoja mtoto mwenye udadisi apite.

Mfano bora ni Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Dukani kwetu kulikuwa na makasha matano tofauti ya filamu hiyo moja, ya kampuni tano tofauti, na nilidhani ni filamu tano. Sababu yake inauma. Kichwa cha filamu kilibadilishwa dakika za mwisho kabla ya kutolewa, na kwenye kichwa kipya waandaaji wakasahau kurudisha maandishi ya hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, kosa hilo dogo lilitosha kuifanya filamu kuwa mali ya kila mtu. Yeyote mwenye mashine ya kunakili aliweza kuiuza bila kumlipa Romero hata senti. Walioitengeneza walipoteza fedha nyingi, na kosa hilohilo ndilo lililoifikisha kila mahali.

Filamu hiyo ndiyo iliyonivunjia imani yangu kwa stelingi. Nilikuwa nimekua nikijua kwamba stelingi hafi. Anapigwa, anafungwa, anatupwa mtoni, na mwishoni anarudi. Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, anafanya kila kitu sawa. Anapigilia mbao madirishani, anawatuliza wenzake, anapita usiku mzima akiwa hai. Asubuhi waokoaji wanafika, wanamwona dirishani, wanadhani ni mmoja wa wafu, wanampiga risasi. Kisha zinafuata picha zilizoganda, zenye chembechembe kama za gazeti, na mwili wake ukivutwa kwa ndoana hadi kwenye moto. Dada yangu alizima televisheni na hatukuongea. Nilikuwa mdogo mno kuelewa maana ya mtu Mweusi kuuawa namna ile na kundi la watu wenye bunduki, katika filamu iliyotoka mwaka uleule alipouawa Martin Luther King. Lakini nilielewa kwamba nimeonyeshwa jambo la kweli, na kwamba filamu zilizokuwa zikinifurahisha zilikuwa zimenificha jambo hilo.

Psycho ya Alfred Hitchcock ilinifanyia vilevile, ila kwa njia nyingine. Tulikuwa na mkanda mmoja kwa usiku mmoja, na duka limeshafungwa. Dakika 40 za mwanzo ni mwanamke anayeendesha gari akiwa na dola 40,000 za wizi, na kama ningekuwa na filamu nyingine ya kuhamia ningehamia. Sikuwa nayo. Nikabaki, nikaanza kumhurumia, nikaanza kumwombea afike salama, na ndipo mlango wa bafu ukafunguka, akauawa. Leo najua ile subira haikuwa sifa yangu. Ilikuwa kazi ya mlango wa duka uliofungwa. Siku hizi naweza kuacha filamu na kuanza nyingine kwa kidole kimoja, na nimejiwekea sharti: nikianza ya kutisha, naimaliza, hata kama robo tatu ya kwanza haitokei kitu. Sharti hilo limenipa filamu kadhaa ninazozipenda kuliko zote.

Lakini niseme kuhusu kurudisha nyuma, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper, ya mwaka 1974, ina jina ambalo peke yake linatosha kumnyima mtu usingizi. Nilifika umri wa miaka 15 ndipo nikaichukua. Kuna mahali msichana anabebwa na muuaji, Leatherface, na kutundikwa kwenye ndoana ya nyama. Niliona ndoana ikimwingia mgongoni. Niliona damu. Ningeapa mbele ya yeyote. Mkanda ulikuwa umechakaa mahali hapo kiasi kwamba picha ilitetemeka kutoka juu hadi chini, na nikafikiri: watu wengi wametaka kuona hili tena. Nami nikarudisha nyuma. Ndoana inaonekana. Msichana anainuliwa. Uso wake unaonekana akipiga kelele. Chini yake kuna beseni. Hakuna ndoana inayoingia. Nikarudisha mara ya pili nikidhani chenga zimeificha, mara ya tatu nikasogeza kiti hadi karibu na kioo. Haimo. Hooper hakuonyesha chuma kikigusa mwili. Aliweka ndoana, uso na beseni, mambo mengine nikayafanya mwenyewe.

Nilikaa pale sakafuni nimeshika rimoti, nikihisi baridi ambayo filamu yenyewe haikuwa imenipa. Nilikuwa nimemtundika msichana yule kwa akili yangu. Na chenga zile zilizokuwa zikitetemesha picha ziliniambia kwamba wengi kabla yangu walikuwa wamerudi kutafuta kitu kilekile, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba amekiona. Tulikuwa tumesugua mkanda hadi ukakaribia kukatika, tukitafuta kitu ambacho hakijawahi kuwamo.

Mtu akiniambia filamu za kutisha ni damu tu, huwa namsimulia beseni lile.

Filamu ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni The Thing, ya Carpenter tena. Ilitoka tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T., na watazamaji waliokuwa wamempenda kiumbe mpole wa angani hawakutaka kiumbe kinachoiga wanadamu na kuwapasua. Ilifanya vibaya kwenye majumba ya sinema na wahakiki wengi wakaiponda. Rob Bottin, aliyebuni viumbe vyake, alikuwa na miaka ya ishirini na kidogo na alifanya kazi hadi akaishia hospitali kwa uchovu. Yote hayo yalipokewa kwa kuguna. Mikanda ndiyo iliyoiokoa. Watu waliikuta kwenye rafu, wakaipeleka nyumbani, wakawaambia wenzao kwa mdomo.

Mimi niliambiwa na mwenye duka. Hakuwa mtu wa kusifia. Alichukua tu mkanda nyuma ya kaunta kabla sijachagua, akaniwekea mbele, akasema, "Huu utazame na dada yako. Usiutazame peke yako." Ushauri huo haukuwa wa kuniogopesha. Filamu inahusu wanaume 12 katika kituo cha utafiti Antaktika wasioweza kujua ni nani kati yao bado ni binadamu, na ukiitazama peke yako huna wa kumtilia shaka. Nilimtilia shaka dada yangu tangu pale damu inapopimwa kwa waya wa moto. Naye alinitilia shaka mimi. Tulikaa ncha mbili za kochi.

Mwishoni wanabaki wawili kwenye theluji, MacReady na Childs, kituo kinateketea, wanashiriki chupa moja na hakuna anayejua kama mwenzake bado ni binadamu. Filamu inaishia hapo. Dada alishikilia kwamba Childs ameshageuka. Mimi nikabisha. Alisikia mahali kwamba ukitazama mvuke wa pumzi utapata jibu, tukarudisha nyuma, tukarudisha tena, lakini kwenye mkanda uliochakaa mvuke na chenga vinafanana. Tukachelewa kuurudisha kwa siku mbili kwa ajili ya mvuke ule, tukatozwa faini. Mwenye duka alipokea fedha, akauliza, "Mmeamuaje?" Tulipompa majibu mawili tofauti akatikisa kichwa na kusema kwamba yeye ni upande wa dada.

Dada alihama nyumbani miaka michache baadaye. Tukipigiana simu, hata baada ya mambo mazito ya familia, kuna wakati mmoja wetu atasema tu, "Childs," na mwingine ataanza kubisha.

Sikuishi mahali filamu hizi zilipopigwa marufuku, lakini historia ya Uingereza imenifundisha kutoichukulia rafu ile kama kitu cha kawaida. Huko, kabla sheria ya mwaka 1984 iliyotaka kila mkanda ukaguliwe haijaanza kufanya kazi kikamilifu, jumla ya filamu 72 ziliwahi kuingia katika orodha ya waendesha mashtaka, na polisi walikamata mikanda madukani. The Evil Dead ya Sam Raimi ilikuwamo, filamu iliyotengenezwa na vijana waliofunga kamera kwenye ubao na kukimbia nayo msituni wakiwa wawili, kwa sababu hawakuwa na fedha za vifaa bora. Ninapoifikiria orodha hiyo, nawafikiria wenye maduka waliopelekwa mahakamani kwa ajili ya makasha.

Ringu ilinifikia mwishoni, wakati maduka yalikuwa tayari yanaanza kujaza rafu diski. Ni filamu ya Kijapani ya mwaka 1998, ya Hideo Nakata, kutoka riwaya ya Koji Suzuki. Anayetazama mkanda fulani wa video anakufa baada ya siku saba. Mwigizaji wa Sadako, mzimu wa mkanda huo, alitembea kinyumenyume, kisha picha ikachezwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, na ndiyo maana mwili wake unasogea kwa namna ambayo jicho linaikataa. Lakini kilichonipata mimi si mwendo wake. Ni dawa ya laana ile: unakili mkanda, umwonyeshe mtu mwingine. Niliitazama kwenye mkanda wa kukodi, wenye chenga, nikiwa peke yangu usiku, na sikuhitaji maelezo. Nilikuwa nimeishi ndani ya wazo hilo tangu nikiwa na miaka 11. Mkanda unabeba kitu kutoka kwa aliyetangulia. Nakata aliliona kama laana. Mimi nilikuwa nimelijua kwa miaka mingi kama ujirani, na filamu hiyo ilinitisha kwa sababu ilikuwa imeligeuza jambo nililolipenda likanitazama kwa upande wa pili.

Duka lilifungwa bila kelele. Mwenye duka aliweka mikanda yote kwenye maboksi ili watu wanunue, na nilikwenda asubuhi ya kwanza kutafuta Halloween yangu. Ilikuwa imeshachukuliwa. Nilimuuliza na nani. Akasema ni mtu aliyeitaka hiyohiyo, mbovu, na hakutaka punguzo. Nilinunua The Thing badala yake, pamoja na kasha lake. Mwezi Julai 2016 Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kujulikana kutengeneza deki za VHS, ikasimamisha kazi hiyo, na deki yangu nikaifunika kitambaa ili vumbi lisiiingie.

Halloween ninayo sasa kwenye diski iliyosafishwa, katika upana wake kamili. Hilo nalo lilikuwa funzo gumu. Carpenter aliipiga kwa picha yenye upana mara 2.35 ya kimo chake, na televisheni za wakati ule zilikuwa na mara 1.33. Kuijaza skrini, walikata karibu asilimia 43 ya picha. Niliipenda filamu hiyo kwa miaka mingi nikiwa nimeona zaidi kidogo ya nusu yake. Usiku nilipoiona nzima nilimpigia dada simu saa tano. Nilimweleza jinsi kila chumba kilivyo kipana na kitupu, na jinsi giza la pembeni, lile tulilokatiwa, ndilo Carpenter alilokuwa akitaka tulichunge.

"Kumbe tulikuwa tunaogopa nusu yake tu," akasema.

Naitazama kila mwaka. Picha inang'aa, majani yaliyopakwa rangi yanaonekana moja moja, sauti ya piano haitetemeki. Kisha Laurie anaingia kabatini, mbao zinaanza kupasuka, na mwili wangu unajikaza kusubiri mistari myeupe. Haiji. Kila kitu kinaonekana vizuri kabisa, na kwa sekunde hizo chache ndipo nahisi kwamba niko peke yangu sebuleni.